Petroli Niliyoificha Ngoingwa

Wadogo zangu mnaomaliza chuo mwaka huu, sogeeni karibu. Mimi nimestaafu. Najua mtauliza mtu anastaafuje kabla ya kufikisha miaka thelathini, na mimi mwenyewe nimeliwaza swali hilo kuliko lilivyostahili. Nimeona kwamba kustaafu hakutegemei umri. Umestaafu siku ambayo mashine zako zimelala chini ya turubai, wateja wako wanasalimiana na mtu mwingine, na bega lako bado linauma ukipita karibu na uwanja wenye nyasi. Nilikata nyasi Ruiru na Thika kwa miaka minne, nikiwa na shahada ya uchumi. Nilisoma jinsi bei zinavyopanda, kisha nikaenda kusimama mahali ambapo zinamwangukia mtu kichwani.

Kabla ya yote, jueni namna ya kuwasha mashine, kwa sababu hilo hakuna chuo kitakachowafundisha. Mimi nilifundishwa na Baba Njeri, fundi wa injini ndogo aliyekuwa na kibanda chake Thika, nyuma ya soko. Siku ya kwanza nilivuta kamba ya mashine ya kukatia nyasi, ile inayobebwa begani, kama mtu anayeng'oa mhogo. Baba Njeri aliniangalia mpaka nikachoka, akaja, akageuza swichi ambayo mimi sikuwa nimeiona, akavuta mara moja kwa mkono mmoja huku anapokea simu. Mashine ikawaka. Simu hakuikata.

Alinifundisha mengine pia. Usikate nyasi zikiwa na umande, kwa sababu nyasi zenye maji huifanya injini ifanye kazi mara mbili na mafuta yanaisha bila wewe kuona ulichokata. Noa kisu kabla ya kulaumu bei ya petroli. Kagua uwanja kwanza uokote mawe, maana jiwe likirushwa na mashine hutafuta kioo cha gari cha mtu mwenye hasira. Na kubwa kuliko yote: mashine ile hunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwa hiyo changanya ya wiki hii, utumie wiki hii.

"Ya wiki ijayo?" nilimuuliza.

"Ya wiki ijayo utachanganya wiki ijayo. Wewe una haraka gani na wiki ijayo?"

Hilo la mwisho nililiandika akilini, nikalifikiria, na nikaliona lina kasoro. Tutalifikia.

Kazi yangu kubwa ilikuwa mtaa mmoja wenye geti huko Ruiru. Nyumba zilikuwa zimezunguka uwanja mpana wa nyasi, na uwanja huo ulikuwa wangu kila wiki mbili. Wateja wengine wa Thika walikuwa wa kuja na kupotea. Mwenye ua mdogo akikosa pesa, huwaambia watoto wacheze hapo sana mpaka nyasi zikate tamaa. Uwanja wa Ruiru ndio uliolipia kisu kipya, nauli, na sehemu ya chakula nyumbani kwetu Ngoingwa. Ndio pia uliompa mama yangu nguvu ya kusimama kanisani na kusema mtoto wake ni mkurugenzi. Sikuwa na mfanyakazi hata mmoja wa kumkurugenza, lakini mama akishasema kitu kanisani, ni juu yako kukifanya kiwe kweli. Kwa hiyo mjue tangu sasa: bila uwanja wa Ruiru, hakukuwa na biashara, na mama angelazimika kubadilisha ushuhuda.

Basi bei ya mafuta ikaanza kupanda. Nyinyi mnajua inavyotangazwa katikati ya mwezi na jinsi nchi nzima inavyoshika pumzi. Ikitangazwa usiku, asubuhi mwenye boda boda ana bei mpya. Mwenye chapati hapandishi bei, ila chapati inapungua mpaka unaweza kusoma gazeti kupitia kwayo. Kinyozi anasema jenereta. Mwalimu wa kwaya anasema usafiri, na kwaya inafanya mazoezi pale pale kanisani. Kila mtu alikuwa na ruhusa ya kulaumu mafuta isipokuwa mimi, niliyekuwa nikiyamimina kwenye tangi kwa mkono wangu. Nikimwambia mteja kwamba bei imepanda, alitazama uwanja wake, kisha akanitazama mimi, akaniambia kwamba nyasi ni zile zile na zinamea zenyewe bure.

Nilianza kuwaza mambo ambayo mtu mzima hapaswi kuwaza. Niligundua kwamba mteja akija kunisalimia mashine ikiwa inawaka, salamu zake zinakula petroli yangu. Watu wa Thika hawasalimii kwa kifupi. Kuna habari ya asubuhi, kuna ya mama, kuna ya kazi, halafu anakuuliza kwa nini bado hujaoa. Nikaanza kuzima mashine kila nikiona mtu anakuja. Kisha nikawaza kwamba kuiwasha upya kunakula zaidi. Nikaanza kuiacha ikiwaka na kuwakimbia watu. Mama mmoja alimwambia mama yangu kwamba mkurugenzi wake amekuwa na kiburi, ukimkaribia anahamia upande wa pili wa ua.

Ndipo nikaandika barua kwa kamati ya mtaa wa Ruiru. Ilikuwa na kurasa nne. Nilieleza kwamba malipo yangu yagawanywe mafungu mawili: sehemu ya kazi, ambayo haibadiliki, na sehemu ya mafuta, ambayo itapanda bei ya petroli ikipanda na kushuka ikishuka. Katika ukurasa wa tatu nilieleza pia kwamba gharama ya kitu si ile uliyokinunulia zamani, ni ile utakayokinunulia kesho. Niliipenda sana hiyo aya. Niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mmoja nadhifu aliyestaafu kazi ya kukagua hesabu. Aliisoma barua mbele yangu, mara mbili, na akaipenda. Hapo ndipo ningepaswa kuogopa. Mtu unayemdai nyongeza akifurahi, rudi usome ulichoandika.

"Kijana, hii ni haki," alisema. "Sehemu ya mafuta tulipe kulingana na petroli ya mashine iliyotumika. Uongeze hayo maneno hapo chini, tuweke sahihi."

Niliyaongeza kwa mwandiko mzuri. Nilitoka pale najiona kama mtu aliyepatanisha nchi mbili.

Mwezi uliofuata, kabla ya Krismasi, uvumi ulienea kwamba petroli itapanda vibaya sana. Siku ya kutangazwa bei, vituo vyote kutoka Ruiru mpaka Thika vilikuwa na foleni, kila mtu akijaza tangi kana kwamba kesho magari yataanza kunywa dhahabu. Mimi nilipanga foleni na madebe ya chuma. Nilipofika nyumbani, nikafikiri: kwa nini nisiichanganye yote na oili mara moja, nijiokolee muda? Nilimkumbuka Baba Njeri na wiki yake. Lakini nilikuwa na hoja. Petroli inatoka kwenye mafuta yaliyokaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka bila kuharibika. Itashindwaje kukaa miezi michache katika stoo ya mama yangu?

Nisikilizeni, wadogo zangu. Ukijikuta na hoja nzuri kiasi hicho, lala kwanza.

Nilificha madebe nyuma ya viti vya plastiki ambavyo mama huazimisha watu wakiwa na sherehe. Mama alisikia harufu siku ya pili. Nikamwambia ni akiba. Aliuliza akiba gani inayomfanya mtu ahamishe jiko nje. Alikuwa na haki, na nawaambia kwa uzito wote kwamba petroli haiwekwi ndani ya nyumba, hata ikiwa ya bei ya zamani. Kila Jumapili baada ya kanisa nilifungua kila debe nione kama imepungua. Ilikuwa imepungua kidogo, kwa sababu nilikuwa naifungua.

Bei ilipotangazwa, haikupanda. Ilishuka. Ilishuka kidogo tu, kiasi cha kunivunjia heshima. Halafu kukaja kiangazi kirefu. Nyasi za Ruiru zikageuka rangi ya mkeka, na kwa zile chache nilizokata petroli ya kununua njiani ilinitosha. Akiba yangu ikakaa stoo. Nilikuwa mtu pekee katika wilaya nzima mwenye mafuta tele na bila nyasi.

Mvua ya masika ilipofika, ilifika yote. Mlioishi pande hizi mnajua nyasi ya Kikuyu ikipata mvua na jua siku hiyo hiyo. Ukiipa kisogo inakugusa begani. Na katikati ya mvua hiyo Mwenyekiti akanipigia simu. Binti yake alikuwa na ruracio Jumamosi. Ukoo wa bwana harusi ungekuja kujadili mahari, na hema zingesimamishwa pale uwanjani. Alisema kwa upole kwamba wageni wanatoka mbali, kwamba wakwe zake watarajiwa wanapenda kutafuta kasoro, na kwamba Ijumaa jioni uwanja usipokuwa tayari, mimi na mtaa ule tutakuwa tumemalizana.

Ijumaa asubuhi nikafika na mashine zangu mbili na debe la akiba. Nilisubiri umande ukauke, nikaokota mawe, nikaangalia swichi, nikavuta kamba. Mashine ikakohoa. Nikavuta tena. Ikakohoa kidogo zaidi, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka mkutanoni, ikanyamaza. Nilivuta mpaka askari wa geti akaacha kunitazama kwa heshima.

Sasa, mtu asiyesoma angechukua mashine ya pili, ambayo ilikuwa na petroli mpya kidogo ndani yake, akaanza kazi. Mimi nilitaka kujua chanzo. Je, tatizo lilikuwa mashine au mafuta? Njia ya kujua ni moja: kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vilivyo. Kwa hiyo nilimwaga petroli mpya ya mashine ya pili nyasini, nikaijaza ile ya akiba, nikavuta. Ikawaka, ikakata hatua chache, ikazimika. Nilikuwa nimepata jibu. Tatizo lilikuwa mafuta. Na sasa lilikuwa katika mashine zote mbili.

Nilimpigia Baba Njeri. Nilimweleza kwa kirefu, pamoja na jaribio. Aliniacha nimalize, kisha akauliza jambo moja tu.

"Hayo mafuta ulichanganya lini?"

"Kabla ya Krismasi."

Nilisikia mtu akigonga chuma huko kwake.

"Nusa," akasema.

Nikanusa. Ilikuwa na harufu ya vanishi ya meza ya zamani. Aliniambia kwamba kabureta zote mbili sasa zimeshika gundi, zinatakiwa kufunguliwa na kuoshwa, na kwamba hata akianza sasa hivi hazitakuwa tayari leo. Nikamwambia habari ya ruracio. Akapumua. Akasema atanitumia Hamisi.

Hamisi aliishi mtaa wa Kiandutu huko Thika, na kila asubuhi alisimama kwenye njia panda pamoja na wenzake wanne, slasha za kufyekea nyasi mabegani, wakingoja mtu mwenye nyasi au mtaro. Jua lilikuwa limeshapanda walipofika Ruiru. Hamisi alikuwa mtu wa miraba minne, kofia safi, sauti ya mtu anayeuza kitu kizuri. Aliutazama uwanja, akazitazama mashine zangu zilizolala chali, akatazama hema zilizoanza kushushwa kutoka kwenye lori. Kwa mitazamo hiyo mitatu alikuwa amemaliza hesabu zake.

"Bei imepanda, mkubwa," alisema.

"Imepanda kwa nini? Slasha haitumii petroli."

"Slasha haitumii. Mimi natumia."

Wenzake walicheka na kutafuta mahali pa kukaa.

"Nimekuja na gari," Hamisi aliendelea, bila haraka. "Chai niliyokunywa, maziwa yake yalikuja na gari. Unga, gari. Hata hii slasha ililetwa Thika na gari, ama ulifikiri ilitembea?"

"Lakini hiyo slasha uliinunua zamani, mafuta yakiwa chini."

"Na ikivunjika leo? Nitaenda dukani niwaambie waniuzie ya zamani?"

Hoja hiyo niliijua. Ilikuwa ukurasa wa tatu wa barua yangu, tofauti ni kwamba mimi nilitumia aya nzima na yeye alitumia pumzi moja. Nilitafuta namna ya kuipinga na nikaona kwamba nikiipinga, najipinga. Tena mwenye hema alikuwa ananiuliza aanze upande gani. Nikakubali.

Walijipanga kwa mshazari na kuingia uwanjani. Nitawaambia ukweli, ilikuwa kazi ya kupendeza macho. Hakuna jiwe lililoruka. Hakuna kelele. Walipiga hadithi, mmoja akamwambia mwenzake kwamba anakata kama anayefukuza nzi, na uwanja ukawa unafunguka nyuma yao. Mimi nilikusanya nyasi kwa reki na kuwaza kama mkurugenzi anaruhusiwa kushika reki. Jua liliposhuka walikuwa wamemaliza, na mwenye ng'ombe wa jirani alikuja na mkokoteni akachukua zile nyasi ndefu akishukuru. Zile za mashine hakuwahi kuzitaka. Alisema ng'ombe wake akizinusa anamtazama vibaya.

Mwenyekiti alitoka nje akiwa na viatu vya nyumbani. Alitembea uwanja mzima. Alirudi ana uso wa mtu ambaye wakwe zake hawatapata kasoro.

"Kazi safi sana," alisema. "Hata sikusikia mashine."

"Asante, mzee."

"Ndiyo nasema, sikusikia mashine." Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa barua yangu, imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. "Kwa hiyo leo mafuta yaliyotumika ni kiasi gani?"

Nilijaribu. Nilisema chai, nikasema unga, nikasema maziwa na gari lake. Nilisema nimelipa watu ambao nao wameongeza bei kwa sababu ya mafuta.

"Hayo ni kati yao na wewe," alisema, tena kwa huruma. "Hapa umeandika petroli ya mashine. Sehemu ya kazi nitakulipa yote. Sehemu ya mafuta leo haipo. Ni haki, ama sivyo? Ni mwandiko wako."

Ulikuwa mwandiko wangu. Alinilipa sehemu ya kazi, na mimi nikampa Hamisi karibu yote, pamoja na nyongeza yake ya mafuta. Ninyi mliosoma uchumi, jitahidini kunitajia mtu mwingine ambaye siku moja alilipa nyongeza ya mafuta mkono wa kulia na kukatwa mafuta mkono wa kushoto, na petroli yote anayo yeye.

Ruracio ilikwenda vizuri. Nilisikia kwamba wageni walisifu uwanja na kulalamikia mchele. Wiki iliyofuata Mwenyekiti alinipigia simu akaniomba namba ya Hamisi. Alinieleza kwamba kamati imekaa, na kwamba watoto wadogo wa mtaa walilala vizuri sana Ijumaa ile mchana kwa kukosa kelele. Alinitakia kila la heri kwa sentensi iliyokaa kama ya hotuba. Nilimpa namba. Ningefanya nini? Nilikaa ukingo wa kitanda nikawaza jinsi nitakavyomwambia mama, na nilipomwambia, alisema atawaambia kanisani kwamba nimestaafu. Alisema hivyo Jumapili. Ndiyo maana nimestaafu.

Lakini sikuwaita mnihurumie. Mafuta yalipanda tena, na Hamisi akaja Ngoingwa akinitafuta. Alitaka barua. Kamati ya Ruiru ilikuwa imemwambia kwamba nyongeza lazima iandikwe, na yeye, aliyeweza kumshinda mtu yeyote kwa mdomo, hakutaka kushindana na Mwenyekiti kwa karatasi. Nilimwandikia ukurasa mmoja. Niliweka chai, unga, nauli na slasha ya kesho. Ile habari ya kushuka bei ikishuka, na ile ya kulipa kwa kilichotumika, sikuziweka. Kamati ilikubali. Nasikia Mwenyekiti aliisoma mara mbili na safari hii hakufurahi, nikajua nimeanza kuiweza kazi.

Hamisi akamwambia mwenye chapati. Mwenye chapati akamwambia kinyozi. Sasa nina meza karibu na soko la Thika, na watu wanapanga foleni kila bei mpya ikitangazwa. Nimewaandikia wauza maji, mwenye mashine ya kusaga, na mwalimu wa kwaya, ambaye bado sijaelewa usafiri wake. Ni kazi safi. Haina umande wala kabureta. Akiba yangu ya Ngoingwa niliipeleka kwa Baba Njeri, naye huisugulia vyuma vyenye kutu.

Juzi Baba Njeri mwenyewe alikuja. Kodi ya kibanda chake ilikuwa imeongezwa na alitaka kuwaandikia wateja wake kwa adabu. Alikaa, akaweka kofia magotini, akauliza barua ni pesa ngapi. Nikamwambia. Akasema alisikia kwamba mwezi uliopita ilikuwa chini ya hapo.

"Ilipanda juzi, mzee," nikamwambia. "Ni mafuta."

"Mafuta? Hiyo kalamu siku hizi inatumia petroli?"

"Kalamu haitumii," nilimjibu. "Mimi natumia."

Alinitazama kwa muda mrefu, jinsi alivyozitazama zile kabureta zangu alipozifungua. Kisha akatoa pesa.